Mwiko Mmoja, Sufuria Mbili

Paskalina aliijua sauti ile kabla ya kumwona mwenyewe. Alikuwa ameinamia sufuria ya mtama, jasho likimchuruzika shingoni, aliposikia mtu akisema pale dirishani, "Samahani mama, hivi ukoko huwa mnautupa?" Mwiko ukamponyoka. Miaka minane alikuwa akiisikia sauti hiyo kichwani, akifagia, akimenya viazi, akiwa kanisani padri anahubiri, na leo imejileta yenyewe kuomba ukoko.

Akageuka. Ndiye. Boay Gwandu, Mkaguzi Mkuu wa Hatua wa mji wa Mbuga Nyeupe, mtu ambaye zamani akipita sokoni hata wauza nyanya walinyoosha migongo. Koti la kijani la Idara ya ukaguzi hakuwa nalo. Alivaa kanzu ya wagonjwa wa Kituo cha tiba, amekamata fremu ya dirisha kwa mikono miwili, na bado alikuwa akiyumba. Mguu wa kulia ulitafuta sakafu, ukaikosa, ukaitafuta tena.

"Hatuutupi, baba," Paskalina akasema. "Karibu."

Msimlaumu kwa hiyo karibu yake. Mdomo ulizoea, ukasema wenyewe. Mzee hakumtambua, na angemtambuaje? Aliyewapiga watu mia tatu na zaidi muhuri wa ulevi hawezi kukumbuka sura ya mke mmoja aliyelia kwenye benchi la nje.

Jiko lile lilikuwa na sufuria mbili. Kubwa ilikuwa ya wafanyakazi, na ndani yake ulipikwa ugali wa ngano, kwa sababu tangu mahindi yafe kwa ukungu mweusi, enzi za bibi yake Paskalina, nchi nzima ilikula ngano iitwayo Tegemeo. Uji wa ngano, ugali wa ngano, hata gongo ya ngano. Wataalamu waliitengeneza ngano hiyo iwe na gluteni mara tatu ya ile ya zamani, yaani ule mnato unaofanya chapati ivutike, ili ugali wake ushikane kama wa mahindi. Ukashikana kweli. Sufuria ndogo ilikuwa ya mtama, ya wagonjwa. Kila sufuria ilikuwa na mwiko wake: wa ngano ulikuwa mweusi kwa uzee, wa mtama ulifungwa uzi mwekundu shingoni. Juu ya rafu Daktari Msuya alikuwa ameandika kwa rangi, MWIKO WA NGANO NI MWIKO. Wapishi walicheka wiki nzima.

"Chekeni tu," daktari aliwaambia. "Unga unajificha kwenye nyufa za mti. Hata uuoshe kwa maji ya moto, haubanduki wote. Mgonjwa wangu akila kiasi hicho kidogo kila siku, kazi yangu yote imekwenda na maji."

Mchana huo Paskalina aliwapakulia wagonjwa kumi na mmoja kwa mwiko wa uzi mwekundu. Wa kumi na mbili alimtengea bakuli lake pembeni. Akatazama mlangoni. Akachukua mwiko mweusi, ambao bado ulikuwa na utando wa ngano, akaupigapiga nao ugali wa Boay Gwandu taratibu, akauzungusha bakulini hadi ukawa duara zuri, akaupindulia sahanini. Kando akamwekea ukoko.

"Ugali wako unanikumbusha wa marehemu mama," mzee alisema aliporudisha sahani. Alikuwa ameilamba.

"Kesho pia upo, baba," Paskalina akajibu, na moyoni alisikia utamu ambao hakuwahi kuupata tangu siku ya mazishi ya mumewe.

* * *

Mumewe, Amsi Tluway, alikuwa dereva wa kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano, na katekista wa kigango. Pombe aliijua kwa harufu tu, tena harufu ya wengine. Mwaka ule alianza kuvikosa vikombe mezani. Vifungo vya shati vikawa vinamshinda, akamwomba mkewe amfunge, wakacheka wote wawili kwamba uzee umekuja na haraka zake. Kisha ulimi ukawa mzito, na miguu ikaanza kutembea kila mmoja na njia yake.

Kila lango la shamba la ngano lilikuwa na sakafu ya vitambuzi. Ukikanyaga, sakafu inasoma uzito wako unavyohama toka kisiginoni hadi vidoleni, inapima upana wa hatua na mtikisiko wa nyonga, na kabla hujafika upande wa pili imeshaamua. Sheria hiyo ilitungwa baada ya dereva mlevi kuingiza kombaini kambini, watu wakafa. Hakuna aliyeipinga, hata Amsi aliisifu. Ukipita vizuri, lango linasema, "Hatua zako zimekubaliwa. Karibu." Usipopita, linasema kwa sauti hiyo hiyo ya kike, tamu, ya kukaribisha wageni hotelini, "Mlevi. Tafadhali simama kando."

Amsi alisimamishwa kando mara tatu. Siku ya tatu Boay Gwandu mwenyewe alimshika mkono ili ampige muhuri.

"Mkaguzi, mimi sinywi," Amsi alisema.

Boay hakuinua hata kichwa. "Kila mlevi husema hanywi."

Wakampeleka Nyumba ya Kulevuka. Dawa ya huko ilikuwa mkate, mara sita kwa siku, ili ufyonze pombe mwilini. Paskalina alipokwenda kumtazama alimbebea na maandazi yake juu, jamani, maandazi laini ya Tegemeo, akamlisha kwa mkono wake kwa sababu mikono ya Amsi ilikuwa haifiki tena mdomoni. Hilo ndilo lililokuwa likimwamsha usingizini. Mwezi wake wa tano humo Amsi alianguka bafuni, hakuinuka. Cheti kikaandikwa: sababu ya kifo, ulevi. Na kwa kuwa sheria ilisema ulevi hurithiwa, jina la binti yao, Yasinta, lilichorewa mstari mwekundu katika daftari la serikali. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne. Alifaulu mtihani wa udereva wa kombaini kuliko wote, na kazi aliyopewa ni ya kuhesabu magunia.

Miaka miwili baada ya kifo hicho ndipo watu walipoanza kunong'ona kwamba kulikuwa na ugonjwa wa ngano. Paskalina alisikia, akaacha kibanda chake cha chakula, akaenda kuomba kazi ya upishi kwenye Kituo. Alitaka kujua mumewe aliuawa na nini. Hakujua kwamba muuaji angeletewa jikoni kwake.

* * *

Wiki ya kumi, Daktari Msuya aliingia jikoni na kibao chake cha vipimo, amekunja uso. Alikuwa binti mdogo kwa Paskalina, mwembamba, mwenye kusema na wagonjwa wake kama anasema na wajomba zake. Boay alikuwa ameketi pale kwenye kigoda karibu na mlango, mahali alipozoea.

"Mzee Gwandu, wenzako wote kingamwili za kupigana na ngano zinashuka. Zako zimesimama pale pale. Unaiba mkate?"

"Siibi, mwanangu. Haki ya Mungu."

"Kila mgonjwa husema haibi."

Mzee alimtazama daktari kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahali asipotarajia. Paskalina aligeukia sufuria ili asionekane anacheka. Furaha ilimpanda hadi masikioni! Lakini ndani ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kidogo chenye ncha, na hakukipenda.

Mzee alipojikokota kurudi wodini, daktari alijitupa juu ya gunia la mtama. "Mama Yasinta, nimechoka. Huyu mwili wake unalituma jeshi lipigane na gluteni, na jeshi lenyewe linakosea adui. Linashambulia ubongo wa kisogoni, ule unaoshika mizani ya mwili. Seli zake zikifa, hazirudi. Nikimkinga mapema, atatembea. Nikichelewa, ndiyo basi tena."

"Si uwaambie hao wa Idara?"

"Nimewaambia mpaka sauti imekauka. Wanasema, tuthibitishie kwamba unga peke yake unaweza kumyumbisha mtu asiyekunywa. Wagonjwa wangu wote wameletwa wakiwa tayari wanayumba, kwa hiyo wanasema ni pombe za zamani. Ili nithibitishe, ningetakiwa nimchukue mgonjwa, nimfungie humu asiguse pombe, nimlishe ngano kwa makusudi nipime, kisha nimwachishe nipime tena." Akatikisa kichwa. "Daktari gani atafanya hivyo? Huo ni unyama."

Paskalina alikoroga. Uso ulikuwa ukimwaka, na haukuwa moto wa jiko.

* * *

Siku mbili baadaye, baada ya kifungua kinywa, Boay alikuja dirishani akiwa na barua mkononi.

"Baraza la Madai limeniita," alisema. "Baada ya wiki tano. Familia za waliofia Nyumba ya Kulevuka wanataka majina yasafishwe. Mimi ndiye shahidi peke yangu."

"Shahidi wa nini, baba?"

Akatazama huku na huku. "Miaka sita iliyopita daktari mmoja aliniletea vipimo vya damu vya marehemu. Akaniambia, mkaguzi, hawa hawakuwa walevi, ni ngano hii. Nilisoma. Nilielewa. Nikafungia kwenye droo. Ningefanyaje, mama? Niseme chakula cha nchi nzima ni sumu kwa baadhi ya watu? Idara ilipohama, yale makaratasi yakachomwa. Yamebaki kichwani mwangu. Majina mia tatu na kumi na mawili, kwa mpangilio."

Paskalina alishika ukingo wa meza. Alijua. Huyu mtu alijua!

"Unayakumbuka kweli?" Sauti yake ilitoka shwari, hata yeye akaishangaa.

"Yananisomea yenyewe. Kumi na tano, Neste Bura. Kumi na sita, Hhawu Daqaro. Kumi na saba, katekista mmoja, Amsi Tluway. Huyo nilipompiga muhuri aliniombea. Kwa sauti, mbele ya watu wote. Aliniudhi sana, nikamwongezea miezi miwili."

Kama kungekuwa na kisu pale badala ya mwiko, habari hii ingeishia hapo. Kumbe adhabu ya Amsi ya awali ilikuwa miezi mitatu! Angetoka mwezi wa tatu, na alikufa wa tano. Paskalina aligeuka, akaenda stoo, akafunga mlango, akauma kanga yake hadi meno yakauma.

Aliporudi mzee bado alikuwepo. "Tatizo ni lango," alisema kinyonge. "Pale barazani pia lipo. Sheria inasema ushahidi wa mlevi haupokelewi. Nikiyumba, hawanisikilizi."

Adhuhuri Paskalina alisimama mbele ya bakuli la kumi na mbili. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye mwiko mweusi. Wiki tano tu, na huyu mzee atatambaa. Hatashika kijiko tena. Watamlisha kama alivyolishwa Amsi, mate yakimtoka. Ah, ilikuwa tamu kuiwazia. Lakini jina la kumi na saba lilikuwa ndani ya kichwa kile kile, halikuandikwa mahali pengine popote duniani, na mstari mwekundu wa Yasinta ulining'inia hapo hapo.

Akauweka chini mwiko mweusi. Akachukua wa uzi mwekundu. Na tusidanganyane, haikuwa huruma. Alikuwa akimkausha mzee yule kama mtu anavyoanika mbegu anayoihitaji.

Kuanzia siku hiyo alimtembeza pia. Kila asubuhi, ukumbi mzima toka jikoni hadi maabara, mkono wake umemshika kwapani mtu aliyemchukia kuliko wote.

"Kulia. Kushoto. Usinyanyue bega, baba. Kisigino kwanza."

"Una moyo wa dhahabu, mama."

"Tembea."

Wiki ya tatu kingamwili zikaanza kushuka, na Daktari Msuya alipiga kelele za furaha hadi wagonjwa wakatoka wodini. Wiki ya tano mzee alivuka ukumbi bila kushikwa, akayumba mara mbili tu. Mara mbili. Paskalina alihesabu zile wiki kumi alizompakulia kwa mwiko mweusi, akahesabu seli zisizorudi, akajua ni nani aliyeziua.

* * *

Ukumbi wa Baraza ulijaa. Familia za marehemu zilikaa kulia, Idara kushoto, na katikati ya mlango lango likimeta. Paskalina alikuwa ameshapita. Hatua zako zimekubaliwa. Karibu. Alikaa karibu na Yasinta, kikapu mapajani. Binti hakujua kikapu kina nini.

Boay aliingia amevaa suti. Alikanyaga hatua ya kwanza vizuri, ya pili vizuri, kisigino kwanza kama alivyofundishwa. Ya tatu mguu wa kulia ukatafuta sakafu, ukaikosa.

"Mlevi," likasema lango kwa upole. "Tafadhali simama kando."

Ukumbi ukaguna. Mwenyekiti wa Baraza, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, alishusha kalamu. "Sheria iko wazi. Mtoeni."

"Mheshimiwa, mimi sinywi!" Boay alilia. "Naapa, sijawahi kunywa!"

"Kila mlevi husema hanywi!" akapaza sauti mmoja wa viti vya nyuma, na watu wakaangua kicheko. Hata wajane walicheka.

Haya, hicho ndicho Paskalina alichokiomba kwa miaka minane. Mtu yule, mahali pale, kwa maneno yale yale. Aliuona uso wa mzee ukibomoka, akaona jinsi alivyogeuka huku na huku akitafuta japo mtu mmoja wa kumwamini, na alikula utamu huo wote, hakubakiza. Angeweza kukaa kimya. Hakuna aliyemwona. Angerudi jikoni kesho akapika.

Pembeni yake Yasinta alikuwa ameinamisha kichwa. "Ndiyo basi, mama," alinong'ona. "Twende zetu nyumbani."

Paskalina akasimama.

"Huyo mzee hajalewa," alisema. "Mimi ndiye niliyemfanya hivyo."

Askari waliokuwa wamemshika Boay wakaachia. Paskalina alitembea hadi mbele, akafunua kikapu, akatoa mwiko mweusi, akauweka juu ya meza ya mwenyekiti.

"Naitwa Paskalina, mke wa Amsi Tluway. Napika pale Kituoni. Wiki kumi nilimtengenezea huyu ugali wake wa mtama kwa mwiko huu wa ngano, kwa makusudi, kwa sababu alimuua mume wangu. Wengine wote niliwapikia kwa haki. Daktari Msuya yuko hapa, ana vipimo. Alimpima pombe kila wiki, hakukuta hata tone. Kingamwili zilisimama wiki zote kumi. Wiki tano zilizofuata nilibadilisha mwiko. Daktari, zikafanyaje?"

Daktari Msuya alikuwa amefunika mdomo kwa mikono. "Zilishuka, na akaanza kutembea bila kushikwa," alisema, na machozi yakamtoka. "Mama Yasinta, ulifanya nini?"

"Nilifanya kile ambacho Idara ilitaka kifanyike." Akawageukia wale wa kushoto. "Mlisema mnataka uthibitisho kwamba unga peke yake unaweza kumyumbisha mtu asiyekunywa. Huyo hapo. Na unga wenyewe ni ule uliobaki kwenye nyufa za mwiko. Mume wangu mlimpa mikate sita kwa siku."

Hakuna aliyecheka sasa. Mwenyekiti aliutazama mwiko muda mrefu, hakuugusa.

"Mama, unafahamu kwamba umekiri kosa? Kwamba ukitoka hapa utatoka na askari?"

"Nafahamu. Ulizeni lango, nimepita na hatua zangu zimekubaliwa. Ushahidi wangu unapokelewa."

Mwenyekiti akavua miwani. "Zimeni hilo lango," aliamuru, na taa za sakafuni zikafa moja moja. "Mpeni mzee kiti. Atasema."

Boay alipitishwa karibu na Paskalina. Alisimama, akiyumba, akamkazia macho, akamtambua hatimaye. Si mpishi, bali yule mwanamke wa kwenye benchi.

"Nisamehe, mama."

"Sijakusamehe," Paskalina akasema. "Na sikuombi unisamehe. Kaa usome majina."

Mzee akakaa, akaanza. Moja, mbili, tatu, kwa sauti iliyokuwa ikikwaruza, na kila jina lilipotajwa mtu alisimama upande wa kulia. Askari wawili walikuja wakasimama nyuma ya Paskalina, mmoja ameshika pingu. Alimgusa bega kwa adabu. "Twende, mama."

"Subiri, mwanangu. Bado wawili kabla ya wangu."

"Kumi na tano, Neste Bura. Hakuwa mlevi. Kumi na sita, Hhawu Daqaro. Hakuwa mlevi." Mzee hakuthubutu kuinua macho. "Kumi na saba. Amsi Tluway, katekista. Hakuwa mlevi."

Yasinta alisimama peke yake katika benchi, wima kabisa. Paskalina alimtazama mpaka akatosheka, kisha akageuka, akampa askari mikono yote miwili.